Wezi Wameniruka

Jumapili, Kalemie. Mvua tangu asubuhi, na ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nimerudi kutoka misa nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haina haki hata kidogo. Naiandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kuisema.

Rafiki yangu Faustin ameibiwa, na mimi ninamwonea wivu.

Mimi na Faustin tunatengeneza programu za kompyuta. Tuna chumba kimoja karibu na bandari na betri moja ya sola tunayogombania. Yeye alitengeneza programu ya treni. Treni ya kutoka Kabalo haina saa: inaweza kufika leo, inaweza kulala njiani. Basi watu wa Nyunzu wakiiona inapita wanatuma ujumbe, na wafanyabiashara wa hapa wanajua kama waende stesheni au waendelee kulala. Mistari yote ya programu hiyo Faustin aliiweka wazi kwenye mtandao, bure, ili wengine wajifunze.

Wiki hii tumegundua kuwa watu tusiowajua wamekata vipande vya mistari hiyo, wakavipamba kwa rangi, wakatia jina lake na sura yake chini, na sasa wanaviuza. Ni zile picha za kidijitali za kukusanya, ambazo mnunuzi anaandikishwa kuwa ndiye mwenyewe, ingawa dunia nzima inaziona bure. Faustin hawakumwomba ruhusa. Hata salamu hawakumpa.

Siku ile hakula. Alisema ni kama kumwona mtu usiyemjua amevaa koti lako, na jina lako bado limeshonwa kwenye kola. Nikampa pole. Alipotoka nje kupunga upepo, niliingia kwenye tovuti ile ile ya wezi nikatafuta jina langu.

Halikuwepo.

Nikajaribu jina la baba. Nikajaribu jina la programu yangu. Hakuna kitu. Programu yangu inapanga nyimbo za misa. Inatumiwa na kwaya moja tu, na kiongozi wa kwaya hiyo ni mke wangu. Nayo iko wazi kwenye mtandao muda wote huu, mlango hauna hata komeo, na hakuna mwizi aliyechungulia.

Faustin aliporudi akaniuliza kama na mimi wamenichukulia kitu. Nikasema ndiyo.

Ningependa kuandika kwamba sijui neno hilo lilitoka wapi. Ninajua sana. Sikuweza kuvumilia kwamba hata katika kuibiwa yeye ametangulia.

Akasema basi atawaandikia wenye tovuti malalamiko kwa ajili yetu sote wawili. Kesho yake akaja mama yake, Mama Faustin, ambaye jambo hili amelichukua kama msiba kamili. Alileta bukari, ugali wetu wa huku, na sombe ya majani ya muhogo, sahani mbili. "Mutoto wangu, kumbe na weye walikuibia? Kula kwanza. Mwenye roho mubaya hawezi kukumaliza." Nikala. Sombe ya Mama Faustin ni tamu kuliko ya mtu yeyote ninayemjua, na nilimaliza sahani nzima huku nikijidharau.

Leo baada ya misa watu walimzunguka Faustin mbele ya kanisa. Papa mmoja, mzee wa shirika letu la kanisani, akamwambia mti wenye matunda ndio unaopigwa mawe, na wote wakaitikia. Mwingine akamuuliza ataenda lini Ulaya. Maskini Faustin, wanadhani amepata kitu! Mimi nilisimama kando na mwavuli wangu, nikiwaza kwamba mti wangu haujawahi kurushiwa hata kokoto. Mara Mama Faustin akanivuta mkono, akawatangazia kwamba na mimi wezi wamenipitia. Watu wakageuka. Walinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa nyimbo za misa. Faustin alikuwa anatazama viatu vyake. Nilidhani ni huzuni.

Niliipenda heshima ile. Hilo ndilo linaloniuma.

Njiani kurudi nyumbani nikaanza kufikiri kwa akili. Malalamiko yanatumwa kesho. Wenye tovuti wakitafuta kazi yangu kwa wezi wasiione, watasema sote wawili ni waongo, na sura ya Faustin itaendelea kuuzwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu ilikuwa inakwenda kumwangusha mtu mwingine.

Nimeketi hapa dirishani nikamwandikia kwenye simu: mimi hawakuniibia kitu, nilisema uongo, toa jina langu. Nikatuma upesi kabla moyo haujabadilika.

Jibu limeingia sasa hivi.

"Nilijua, ndugu yangu. Ile siku ulisema, nilitafuta jina yako nipate picha ya kutia ku malalamiko, sikuiona. Njo maana sikukuandika. Mama sikumwambia kama ni uongo, sikutaka upate haya. Kuja kesho asubuhi tuitume pamoja, nitakuandika shahidi."

Nimelisoma tena na tena nikitafuta mahali aliponitukana. Tusi lingenisaidia, ningepata cha kumjibu. Halipo.

Nitakwenda. Nitashuhudia kwamba nilimwona akiiandika programu ile tangu mstari wa kwanza, kwa sababu nilimwona kweli. Lakini wivu haujaondoka. Umehama tu, umetoka kwenye programu yake umekaa mahali pabaya zaidi. Nimejiuliza: angekuwa yeye ndiye mwongo, na mimi ndiye niliyeibiwa, ningemfanyia hivi?

Ningemsema leo hii, pale pale kanisani, mama yake akisikia.