Picha ya Viatu

Mwenzangu, leo nimeumbuka. Uso sina pa kuuweka.

Unakumbuka mama mkwe alipofariki kwa saratani, daktari akatuambia mazoezi yanapunguza hatari? Mimi na wifi tukaahidiana kutembea kila asubuhi, na kila mmoja amtumie mwenzake picha ya viatu vyake barabarani.

Basi mimi nilishachoka kitambo. Namtumia picha za zamani, niko kitandani.

Leo nimetuma, nikajifunika shuka. Kumbe nje mvua inamwagika. Na picha yenyewe vumbi tupu.

Mara hodi. Wifi huyo, ameloa mpaka magotini, ana miavuli miwili.

Kasema, "Picha yako ilikuwa kavu, nikajua umetoka kabla ya mvua, imekukuta mbele. Nimekutafuta njia nzima."

Kanitafuta njia nzima, jamani. Na mimi nimesimama na gauni la kulalia.

Kaviangalia viatu vyangu hapo mlangoni. Buibui kashatanda utando ndani.

Kaegesha mwavuli mmoja kando ya viatu, kaondoka.

Sasa hivi kanitumia picha yake ya leo. Viatu vimejaa tope mpaka kwenye kamba.

Anasubiri yangu.