Saa Yangu ya Kupatikana

Jumanne, 4 Machi

Kifundo cha mkono bado kimevimba. Nimepiga mipira ukutani kwa mkono wa kushoto, mkono wa kijinga kabisa. Papa Lokwa, mlinzi wa uwanja, amenicheka wazi. Anasema nimezunguka dunia yote na nimerudi nikipiga kama padri.

Mvua imeharibu udongo wa uwanja. Nimerudi nyumbani kwa toleka, raketi mgongoni, mwendesha baiskeli akilalamika juu ya matope kana kwamba nimeyaleta mimi. Umeme hakuna tangu Jumapili. Bwawa liko karibu hivi, usiku tunasikia maji yakianguka, na taa haziwaki. Simu imekufa. Kesho kutwa nitaipeleka sokoni kuchaji.

Mama amepika pondu, majani ya muhogo, na samaki. Nimekula mno.

Alhamisi, 6 Machi

Bora ningeiacha simu imekufa.

Ujumbe wa watu wa vipimo. Jumatatu asubuhi mpimaji alifika hapa nyumbani kwetu, akasubiri, akapiga simu, hakunipata.

Niandike vizuri, labda nitaelewa. Sisi tunaocheza tenisi ya wanawake ya kulipwa, ukishapanda ngazi kidogo, wanakuweka katika kundi la wanaopimwa dawa za kuongeza nguvu. Kila siku ya Mungu lazima utaje saa moja na mahali pa kukupata. Hawakuambii kwamba wanakuja. Mimi nilichagua saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja, nyumbani kwa mama, kwa sababu saa hiyo nimelala na siendi popote. Ukikosekana mara tatu ndani ya mwaka, unahesabiwa sawa na aliyetumia dawa.

Mara ya kwanza ilikuwa Tunis. Nilitolewa mechi ya kwanza, nikahamia chumba cha bei nafuu, nikasahau kubadilisha anwani. Kosa langu. Hii ni ya pili. Ya tatu wananifungia, labda miaka miwili, na pointi zote zinapotea. Nina miaka ishirini na tatu. Sitaweza kuanza upya.

Mimi ninayeogopa hata dawa ya kikohozi.

Na nilikuwepo. Jumatatu nilikuwa humu humu ndani ya nyumba, nakoroma.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Fatuma wa lupango la jirani alimwona. Mwanamke mwenye sanduku la magurudumu, amevaa vizuri, amesimama mlangoni akiongea na mama yangu.

Nikamwuliza mama. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. Amesema tu: “Nilimwambia hakuna mutu ya jina hiyo hapa.”

Nimepiga kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele hivyo. Nimemwambia ameniua. Ameacha mchele, amenikalisha, akanieleza jambo ambalo avenue nzima ilikuwa inalijua isipokuwa mimi.

Nililelewa kwa maneno mawili juu ya papa, baba yangu: alikufa vitani. Basi. Kumbe walikuja watu asubuhi. Watatu, wapole, mmoja ana karatasi yenye jina lote la papa. Mama alikuwa mlangoni, mimi mgongoni kwake. “Baliuliza muzuri,” amesema. “Nikabaambia iko ndani.” Papa alitoka na kandambili miguuni. Hakurudi, na hakuna aliyetuonyesha mwili.

Tangu siku hiyo mgeni akiuliza mtu kwa jina lake lote, mama hamjui mtu huyo. Hata akiwa ni mwanawe.

Nimeomba msamaha. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Jumapili, 9 Machi

Niliwaandikia watu wa vipimo. Nimeeleza yote, hata ya papa, nikiona aibu kuyaandika. Wamejibu upesi na kwa heshima. Wamesikitika. Lakini kupatikana ni jukumu la mchezaji. Jumatatu ile inabaki kosa.

Dada mmoja wa ofisi ya mashindano yetu amenishauri niandike maelekezo mazuri zaidi: rangi ya mlango, duka la karibu, wagonge kwa nguvu. Ana roho nzuri. Lakini mpimaji hakupotea njia. Mpimaji alifika.

Kuhamishia saa uwanjani? Papa Lokwa anafungua akiamka, na anaamka akitaka. Kulala hoteli? Mama atajua kwa nini, na itakuwa kumwambia kwamba simwamini tena. Dawa ni moja: mgeni akija, mama amwonyeshe nilipo. Na siwezi kumwomba. Namwombaje? Namwombaje amwambie mgeni tena “iko ndani”?

Nitakaa mlangoni mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi ya tatu kwenye kiti cha plastiki. Kila anayepita ananisalimu, na kila mwanamke mwenye mzigo ananipasua moyo. Leo muuza mikate amesimama mbele yangu akatafuta kitu mfukoni, nikainuka nusu, tayari kutaja jina langu. Alikuwa anatafuta chenji.

Kila usiku naota ndoto ile ile. Nagongewa, naamka, miguu haipo.

Mama hajauliza nafanya nini. Ananiletea chai, anabaki kidogo, anaangalia barabara upande wa bwawa, anarudi ndani. Tunamwogopa mtu mmoja: mama anaogopa akija, mimi naogopa akija asinipate.

Ijumaa, 14 Machi

Homa. Malaria, nayajua maumivu yake ya mgongo. Mama amemwita muuguzi wa zahanati ya kona, naye amefika na chupa ya serumu tayari, anatafuta mshipa.

Nimevuta mkono. Kwetu wachezaji serumu ya mshipani nje ya hospitali hairuhusiwi, hata kama ndani ni maji na sukari. Nimeomba vidonge. Muuguzi ameniangalia kama mwendawazimu. Mama amelia. “Donc sheria ya mupira inapita mama yako?”

Nimemeza vidonge, nimevitapika, nimemeza vingine. Kesho lazima nikae mlangoni. Sijui nitakaaje.

Jumamosi, 15 Machi, jioni

Nataka kuandika kabla sijalala.

Alfajiri nilijaribu kuinuka, nikaanguka tena kitandani. Nikajisemea leo hatakuja, ni Jumamosi, nani anafanya kazi Jumamosi. Nikasinzia.

Nimeamshwa na hodi. Sauti ya mwanamke, mpole, inataja jina langu lote, lile la pasipoti.

Halafu kimya.

Nilitaka kuita, imetoka pumzi tu. Nikajiviringisha nikaanguka sakafuni kutoka kitandani. Nikaona yote yameisha, na dakika ile nilimchukia mama. Naandika kwa sababu ni kweli.

Kisha nikamsikia mama. Sauti si yake, nyembamba. “Iko ndani. Ana homa. Ingia, lakini miye na weye tunaenda pamoja.”

Wameingia. Mama amemshika yule mwanamke kifundo cha mkono. Amemshika kweli, vidole vimezama. Mpimaji ni mama mnene mwenye miwani, jasho tele, magurudumu ya sanduku yamejaa matope. Amesema, “Madame, unaweza kuniachilia sasa.” Mama hakuachilia.

Kanuni inamtaka mpimaji anione nikikojoa, kwa macho yake. Basi tumeingia wote watatu katika choo cha mabati nyuma ya nyumba, mpimaji ananiangalia mimi, mama anamwangalia mpimaji, mimi naangalia kikombe. Hakuna kilichotoka. Na homa yangu yote nikaanza kucheka, na mpimaji akacheka. Mama peke yake hakucheka.

Tumerudi ndani. Maji, chai, maji tena. Mpimaji amekaa kwenye kochi, mkono mmoja umeshikwa, ule mwingine unashika kikombe cha chai ambacho mama amemmiminia kwa mkono wake uliobaki. Ameuliza vidonge nilivyomeza, akaviandika, akasema havina shida. Hakuuliza kwa nini anashikwa. Nadhani aliacha kuuliza alipomtazama mama usoni.

Mwishowe imetoka. Chupa zimefungwa, nimeweka sahihi. Mama amemsindikiza hadi barabarani, akasimamisha pikipiki, akamwuliza kijana anayeiendesha jina lake na anakoishi. Hapo ndipo alipomwachilia. Nimeona kwa dirisha yule mpimaji akijisugua mkono.

Mama amerudi akalala sakafuni kando ya kitanda changu, na viatu. Amelala mpaka saa nane mchana. Sijathubutu kumwamsha.

Jumatatu, 17 Machi

Homa imeshuka. Umeme umerudi, na jirani amefungua muziki mpaka kuta zinacheza. Wiki mbili hizi nimekonda, kaptura inanivuka.

Hakuna ujumbe. Nilipatikana, hakuna zaidi.

Jioni mama alikuwa nje anamenya makemba, ndizi za kupika, kwa ajili ya lituma ya kuponda. Nimekaa kando yake. Nimemwuliza kwa nini alimshika yule mpimaji mpaka mwisho, hata chooni, hata na chai. Nilifikiri atasema alitaka kunilinda.

Amemenya ndizi mbili kabla ya kujibu.

“Ile siku ya papa yako, miye nilibakia ku mulango.”

Akaniomba nimsogezee beseni. Nimelisogeza. Tumemenya mpaka zikaisha, mimi polepole, kwa mkono wa kushoto.