Kiingereza Chako Kimerudi Sebuleni

Dundori, Nakuru
14 Agosti 1956

Dada yangu Jepkoech,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo wa Mama unaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima kabisa, tena wiki hii nacheka peke yangu mpaka mpishi Thuo ananiuliza kama nimerogwa.

Kazi yako ya yaya bado ninayo. Sijasahau Memsabu alivyokusimamisha sebuleni useme lile shairi la Kiingereza ulilokuwa ukimbembelezea Jeni. Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Kesho yake akakufukuza, eti utaharibu ulimi wa mtoto, ukarudi nyumbani ukituuliza umekosa nini. Nilipokuja mimi hakujua sisi ni ndugu. Alinikataza kumsemesha Jeni Kiswahili, nitumie Kiingereza tu, halafu akapanda gari akaenda klabu Nakuru. Miaka minne sasa, anarudi mtoto ameshalala.

Basi Jumamosi walikuja wageni walewale. Jeni akavalishwa gauni jeupe, akaambiwa aseme shairi. Akalisema lote bila kukosea hata neno. Lakini sauti, Jepkoech! Ya kwetu Nandi tupu! Wakacheka vilevile, na mmoja akauliza kama mtoto huyu amezaliwa jikoni. Memsabu alikuwa mwekundu kama nyanya. Mimi nimeshika sinia la chai, namtazama tu.

Jumatatu wakaleta mwalimu wa kizungu. Akawaambia mtoto huongea kama yule anayeshinda naye, na kwamba hata watoto wa kizungu wa shamba la jirani, wanaocheza na Jeni, sasa wanaongea hivyo hivyo. Wakome!

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Mama halijui. Kiingereza cha masista wa misheni nakiweza vizuri, ndicho nilichoombea kazi hii. Kwa Jeni sikukitumia hata siku moja. Nilimsemesha kama wewe, kwa makusudi, na shairi nimemfundisha vile vile ulivyolisema. Sijuti.

Ila wageni walipoondoka, Memsabu alimzaba mtoto kofi. Jeni akanikimbilia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza amekosa nini. Dada, ilikuwa sauti yako, ile ya siku uliyofukuzwa. Nilimkumbatia, na siku ile kicheko kikanikauka.

Lakini sitamrekebisha.

Nisalimie Mama na wote wa nyumbani. Mwambie asiinue mitungi mizito.

Ni mimi mdogo wako,
Chepkurui