Mchanga Tumboni mwa Shani

Mzee wangu Selemani,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba haiji, lakini mtu niliyemwamkia kila alfajiri kabla sijanawa uso siwezi kumwanzia barua hivi hivi, kama naandikia karani. Wewe itikia huko huko kimoyomoyo, mimi nitaendelea.

Nimekasirika, Mzee. Nakuambia mapema usije ukadhani mwandiko huu mbaya ni wa darasa la nne peke yake. Nusu yake ni hasira.

Wamekusema. Wewe, ambaye Kariakoo nzima hakuna aliyewahi kukusikia ukimtukana hata mpagazi aliyekukanyaga kidole, wewe wamekusema! Ati umeacha jini ndani ya farasi. Ati ndiyo maana gari lako la farasi halikukosa mizigo hata miezi ile maduka yalipokuwa matupu na watu wakipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Ati sasa unamwita farasi wako Shani akufuate. Na wanaosema hivyo ni walewale walioshiba ubwabwa wa matanga yako wakaomba ukoko!

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ulituacha ghafla, hukupata nafasi hata ya kuulizia.

Baada ya arobaini yako Shani alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa asubuhi, Jumamosi, nimekwenda kumfunga gari twende kuchukua viazi sokoni. Nikamkuta amelala chini, anageuza shingo na kuutazama ubavu wake kama mtu aliyeibiwa mfukoni. Mara akaanza kugaagaa, miguu juu, jasho linamtiririka. Mzee, mimi nimetembea. Nimefika Mombasa, nimefika Beira, nimefanya kazi ndani ya meli (wewe ulikuwa ukiwaambia watu nilikuwa namenya viazi, sawa, lakini viazi vya meli!), sijawahi kuona kiumbe anateseka namna ile. Nikakumbuka ulivyonifundisha: asiachwe alale, atembezwe. Nikamtembeza kutoka Msimbazi hadi mbele ya soko na kurudi, mimi mbele, yeye nyuma anaguna, watoto wa mtaa wanatufuata wakiimba. Nikamnywesha maji ya tangawizi. Jioni akapona. Nikajisifu mtaa mzima. Unanijua.

Jumamosi iliyofuata, tena. Na iliyofuata, tena. Ijumaa mzima, anakula, anachezesha masikio. Jumamosi chini. Kujisifu kukaisha, nikabaki na tangawizi mkononi.

Ndipo midomo ikafunguka. Ikiwa ugonjwa unajua siku ya juma, wakasema, huo si ugonjwa. Mpemba wa mkaa akasema wewe ulikufa usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo hesabu imekamilika. Mwingine akaniletea habari za mganga anayetaka mbuzi mweusi. Nikamwambia mbuzi mweusi nikimpata nitamla mimi na mkeo Bi Zaina, mganga atabaki kunusa moshi.

Balozi wetu wa nyumba kumi yeye hakusema jini, yeye amesoma. Alikuja na kofia yake, akasimama uani, akatamka: "Ndugu Kapteni, farasi ni mnyama wa kikabaila. Mkoloni amekwenda, farasi wake anabaki anafanya nini katikati ya wananchi?" Wallahi, damu ilinipanda. Nikamjibu: "Ndugu Balozi, huyu aliacha ukabaila siku Mzee Selemani alipomfunga gari. Anavuta viazi vya wananchi. Wewe umevuta nini?" Watu wakacheka, naye hakucheka. Akasema farasi akianguka tena mbele za watu ataondolewa. Ataondolewa wapi, hakusema. Lakini nilimwona Bi Zaina mlangoni, kanga mdomoni. Mjane wako hana shamba, hana mtoto wa kumwita mjini. Ana Shani, na lile gari, na mimi ninayeliendesha. Basi.

Na hapo, samahani, nilikukasirikia hata wewe. Ulikuwa saisi, mtunza farasi, miaka yote ile kwa yule mzungu wa mkonge, ulijua kusoma kwato na meno na mavi, halafu unakwenda zako na elimu yote hiyo kichwani! Mimi umeniachia nini? Hatamu, na ile tabia yako ya kuyapiga majani. Kila asubuhi ulichukua mzigo wa majani kutoka bondeni, ukaushika kwa mikono miwili, ukaubamiza ukutani, paa, paa, paa, ndipo Shani akala. Nilikuwa nakucheka. "Mzee, majani yamekukosea nini?" Na wewe: "Piga, Kapteni, utauliza baadaye." Basi nikawa napiga hadi leo, nikidhani tunawafukuza wadudu. Baadaye ndiyo hii, na wa kumuuliza hayupo.

Nilikwenda ofisi ya mifugo. Mara ya kwanza waliniambia farasi hawamo katika kazi zao, nenda. Mara ya pili nilipiga kelele mpaka akatoka dada mmoja wa kutoka Songea, mdogo kwa umri, mabuti makubwa. Anaitwa Neema. Akaniuliza, "Kaka, unagomba na nani?" Nikasema na kila mtu. Akachukua mfuko wake akanifuata.

Ilikuwa Jumamosi, Shani yuko chini. Dada Neema hakuuliza habari za jini. Aliweka sikio chini ya tumbo, akaniita. "Njoo usikilize wewe mtu wa meli." Nikapiga magoti, nikasikiliza. Mzee, nimelala pwani nyingi. Ile sauti naijua: wimbi linapojivuta kurudi baharini na kuburura mchanga. Shaaa. Shaaa. Niliisikia pwani ndani ya farasi.

Akaomba ndoo ya maji. Akatia mavi ya Shani humo, akakoroga kwa kijiti, akamwaga taratibu, akaongeza maji, akamwaga tena. Watu wamejaa hadi ukutani, wamekuja kuona jini. Akainamisha ndoo wakachungulia. Chini kabisa, mweupe, umetulia: mchanga. Viganja viwili vya mchanga!

"Huyu anakula chakula chake chini," akasema. Nikaruka. Chini? Farasi wangu? Ni kweli hori lake, lile pipa ulilolikata nusu, liliazimwa siku ya mazishi kuoshea sahani na halijarudi mpaka leo, Mama Pili anaogeshea watoto wake. Lakini mimi namtandikia gunia! Na majani nayapiga! Akaniuliza taratibu, "Na Ijumaa nani anamlisha?"

Hapo majirani wakaanza kujitaja, mmoja mmoja.

Ijumaa, Mzee, huwa natoka kwenda msikitini na kupitiliza kahawani. Na Ijumaa, watu wako walikuwa wanakukumbuka. Huyu na konzi ya mahindi, huyu na pumba, huyu na mtama aliougomea mwanawe, wanakuja kumlisha mnyama wa marehemu ili thawabu zikufikie. Na walikuwa wanazimwaga wapi? Kwenye ufuo wako. Pale uani tulipochimba shimo la kupokea maji ya kukuosha, kisha tukalifukia kwa mchanga laini wa mtoni. Bi Zaina ndiye aliyewaonyesha. Alisema hapo ndipo mwili wako ulipogusa nyumba hii mara ya mwisho, sadaka ikiwekwa hapo itafika. Na Shani, maskini, alikuwa analamba kila punje na mchanga wake.

Kwa hiyo kweli ilikuwa ni kwa ajili yako. Lakini si jini, wala hukumwita mtu. Tulikupenda vibaya tu.

Nilimtazama Bi Zaina. Alikuwa ameshaelewa, uso umemwisha rangi. Na yule Mpemba wa mkaa alikwishafungua mdomo, nikaona jina la nani linakuja. Basi nikapanda juu ya gari na kulipuka kabla yake.

"Hivi nyie!" nikasema. "Mzee Selemani alikuwa kuku? Nauliza! Mtu aliyewabebea harusi zenu na magodoro yenu, leo sadaka yake mnaitupa chini kama mnaita kuku? Mgeni wenu mnampa ubwabwa sakafuni? Mama Pili, pipa! Nalitaka sasa hivi, na watoto waliomo watoke!" Nikapiga kelele, nikawatukana wote kwa usawa, Balozi na kofia yake pia. Nikajitukana na mimi kwa ajili ya kahawa. Hasira yote hii iliyokuwa inanichoma tangu tukuzike, niliimwaga pale. Nilipomaliza, hakuna aliyekumbuka tena kuuliza nani alianza kumwaga mahindi pale. Walikuwa wanagombania kulibeba pipa.

Dada Neema alimpitishia Shani mafuta na chumvi ya haluli ya kusafisha tumbo, kwa mpira. Mchanga ulitoka, siku baada ya siku, nitakusitiri maelezo. Jumamosi imepita, na nyingine, na nyingine. Jana Shani alivuta magunia ya nazi hadi Magogoni na kurudi, akitembea kama anakwenda kuolewa. Balozi alitupungia mkono. Ati alijua tangu mwanzo ni chakula.

Jioni ya siku ile ya ndoo, watu walipotawanyika, Bi Zaina aliniita jikoni. Hakulia. Aliuliza tu, "Kapteni, ni mimi?" Nikamwambia, "Ni mchanga, mama." Akanimiminia chai yenye sukari, na sukari siku hizi unajua. Sasa Ijumaa yeye ndiye anayesimama kwenye hori na kupokea sadaka za watu kwa mikono yake, na hapo kwenye ufuo amepanda mrehani.

Mzee wangu, lala. Jina lako ni safi, na atakayelichafua nitapanda tena juu ya gari. Shani sitamuuza, wala Bi Zaina hatalala njaa nikiwa na mikono hii. Bado nina hasira na wewe, maana kuhusu kuyapiga majani ungeweza kuniambia neno moja tu, mchanga, ningefahamu. Lakini najua ungesema nini.

Nimeuliza baadaye, Mzee. Nimejibiwa. Kesho alfajiri nitauchukua mzigo wa majani niubamize pale pale ukutani pako, na nitaupiga kwa nguvu, usikie.

Mwanafunzi wako,
Kapteni wa viazi