Glasi ya Kwanza ya Mashine

3 Mei

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na magoti yako? Mimi mzima, ila furaha imeninyima usingizi. Mashine yetu ya chuo imeamka! Unabonyeza kitufe, inachanganya yenyewe nanasi, ndimu, tangawizi na maji ya sukari mpaka glasi inajaa. Tumeijaribu kwa maji matupu, haikosei hata tone. Ijumaa ya tarehe 15 ni mtihani mbele ya walimu. Ikigoma, mimi na mwenzangu Twiga tunarudia mwaka. Lakini haigomi!

Mjukuu wako

7 Mei

Mchumba wangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, mimi simo. Wateja wa cherehani yangu hawaulizi tena suruali zao, wanauliza mashine. Ijumaa nakuja, na koti nitavaa. Huyo Twiga asikusogelee sana, mwenyewe nipo hai.

Babu, mumeo

11 Mei

Babu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi nipo nipo tu. Tafadhali usije. Leo tumetia juisi yenyewe, nyuzi za nanasi zikaziba mipira yote ya kupitishia juisi. Pampu inanguruma, glasi kavu. Twiga kanuna. Sitaki unione nikiaibika.

Mjukuu wako

16 Mei

Babu mkaidi,

Shikamoo. Ulifika salama nyumbani? Nilikwambia usije, ukaja, na koti juu! Nilipokuona mlangoni nikabonyeza kitufe nimefumba macho. Lakini mipira mipana tuliyofunga ikakubali, glasi ikajaa barabara. Mwalimu akauliza nani ataonja, wote wakatazama dari. Ukanyanyuka wewe. Ukanywa yote, ukasema, "Tamu! Niongezeni."

Ulipokimbilia basi, mwalimu naye akaonja. Macho yakamtoka! Kwa haraka ya kuchuja juisi, kwenye chupa ya maji ya sukari tulisahau sukari. Ulikunywa ukali wa ndimu na tangawizi, hata nanasi halisikiki, Babu! Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mashine imepima sawasawa, waliosahau ni watu. Tumefaulu! TUMEFAULU!

Lakini wewe uliwezaje kumeza kitu kile, tena ukaomba kingine?

Mjukuu wako

20 Mei

Mchumba wangu,

Marahaba. Mimi nilifika siku ileile, tumbo lilifika kesho yake. Barua yako nimewasomea wateja, kisha nikawasomea tena, watake wasitake.

Unauliza niliwezaje. Nilikuwa nakutazama wewe, umesimama kando ya kitu ulichokiunda kwa mikono yako, umebana pumzi. Ulimi wangu haukupata nafasi. Hata ingekuwa siki, ningeomba jagi.

Babu yako