Baiskeli Hailali Ndani

Oulu, 4 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nafuu, na kwamba usingizi umeanza kurudi. Mimi ni mzima, ila mafua kidogo. Huku kwetu kaskazini jua linachomoza tukiwa tumeshakaa mezani kazini, na linazama kabla hatujamaliza kahawa ya mchana.

Binti yako, Dada Sirkka, ameniandikia. Anasema nyonga yako imeunga vizuri, lakini baiskeli ya mazoezi uliyoletewa na watu wa hospitali umeitundikia nguo. Anasema pia kwamba mwishoni mwa Machi watu wa manispaa watakuja kukutazama, na kama hutaweza kupanda ngazi za nyumba yako peke yako mpaka chumbani, watakushauri uhamie kwenye makao ya wazee. Najua maana ya "watakushauri". Mimi mwenyewe huandika barua za namna hiyo ofisini.

Nyumba hiyo ndiyo iliyonilea baada ya baba kufariki. Tafadhali, Shangazi, kanyaga.

Si jambo gumu. Mimi nakanyaga kila jioni. Baiskeli yangu nimeifunga kwenye stendi hapa sebuleni, gurudumu la nyuma linazungusha mashine, na kwenye skrini mbele yangu inapita barabara ya milima ya Uhispania. Nikifika penye mwinuko mashine inakaza yenyewe. Hakuna upepo, hakuna barafu, hakuna magari. Jirani wa chini hugonga dari kwa mpini wa fagio, lakini nimetandika zulia la pili na sasa anagonga kwa upole zaidi.

Nisalimie Dada Sirkka.

Mwanao,
Tuure

*

Hanko, 11 Januari

Tuure mwanangu,

Marahaba. Nyonga inanuna asubuhi, jioni inasahau. Chakula nakula. Usinipigie simu, hata Sirkka akikusihi. Nimefundisha watu kuimba maisha yangu yote, na sauti ya watu kwenye simu inanikumbusha wanafunzi wangu wabaya.

Sasa nisikilize. Baiskeli hiyo niliipanda mara moja. Nikakanyaga, nikakanyaga, nikashuka palepale nilipopandia, huku Sirkka amesimama na saa mkononi kama refa. Wewe una Uhispania. Mimi mbele yangu nina karatasi ya ukutani ya maua ya kahawia ambayo marehemu mume wangu aliibandika bila kuniuliza. Mtu hawezi kukanyaga kuelekea maua yale.

Na wewe ndiye unayenihubiria! Kijana una miguu miwili mizima, unaishi mji ambao nasikia hata mchungaji anakwenda kanisani kwa baiskeli theluji ikianguka, nawe unapanda basi. Usikatae. Sirkka hajui kufunga mdomo, si kwako, si kwangu.

Tufanye hivi. Wiki utakayokwenda kazini kwa baiskeli, uniandikie, nami nitakanyaga. Wiki utakayopanda basi, natundika nguo.

Shangazi yako,
ambaye hababaiki

*

Oulu, 18 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi kusikia nyonga inasahau jioni. Mafua yangu yamekwisha.

Naomba unielewe kabla hujakasirika. Mwezi Novemba nilijaribu. Niliteleza penye njia inayopita chini ya barabara kuu, nikaserereka kwa ubavu kama gunia, baiskeli upande wake na mimi upande wangu. Nyuma yangu kulikuwa na watoto wa shule, msururu mzima, kila mmoja juu ya baiskeli yake. Walinipita kushoto na kulia bila kushika breki. Msichana mmoja mdogo, mwenye meno mawili tu mbele, akaniambia, "Mjomba, usikae hapo, utagongwa!"

Mkono wa kuandikia ulivimba kwa muda. Kazini niko kwenye majaribio mpaka Aprili. Kila asubuhi nje ya ofisi kuna baiskeli za wenzangu zimefunikwa theluji kama kondoo, na Osmo wa meza ya ramani hakosi kuniuliza, "Tuure, basi limekufikisha salama? Ulimshukuru dereva?" Mimi hucheka. Kisha nakaa mezani nikiogopa jambo ambalo hata sijalifanya.

Nimenunua tairi zenye njumu za chuma. Bado ziko kwenye sanduku lake. Tafadhali, usiufunge mguu wako kwenye woga wangu. Woga wangu hauna haraka, lakini mguu wako unayo.

Mwanao,
Tuure

*

Hanko, 24 Januari

Tuure,

Sijakanyaga.

Sirkka alinipeleka kuyaona makao. Yana mapazia mazuri. Nilipewa keki na kuonyeshwa chumba kisicho na ngazi mahali popote. Ukumbini nilimkuta mwanamke niliyeimba naye kwaya tukiwa wasichana. Alinishika mkono akaniuliza kama basi la kwenda nyumbani limefika. Nikamwambia bado.

Shangazi yako

*

Oulu, 31 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama umelala vizuri. Mimi sikulala baada ya barua yako. Asubuhi nilifungua sanduku la tairi.

Nimekwenda. Nakuandikia kila kitu ili usiseme nimedanganya.

Zilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Nilivaa nguo nyingi mno, na kabla sijafika darajani jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni huku kope zikishikamana kwa baridi. Njia ya baiskeli ilikuwa imeshaondolewa theluji kabla hata ya barabara ya magari. Nilitegemea utelezi, Shangazi, lakini haukuwapo! Kwenye baridi kali namna ile theluji inalia chini ya tairi kama viatu vipya, na inashika kama mchanga. Mto umeganda wote, na juu yake mtu alikuwa anamtembeza mbwa aliyevishwa soksi. Mzee mmoja alinipita kwa baiskeli amebeba begani jozi ya skii, zile mbao za kutelezea thelujini, akasema, "Leo njia tamu," basi. Nilifika. Osmo alinitazama, akaitazama baiskeli, akavua kofia.

Sasa sehemu ya aibu. Jioni niliirudisha nyumbani nikaihurumia. Ilikuwa imeganda chumvi na theluji mpaka kwenye cheni. Nikaipandisha sebuleni, nikaiosha kwa maji ya moto, nikaikausha kwa taulo langu mwenyewe, nikailaza karibu na kipasha joto. Kesho yake nikatoka kwa fahari. Nilipofika katikati ya daraja, pedeli zikakosa uzito. Nakanyaga, miguu inazunguka upesi kama kinu, baiskeli haiendi. Maji niliyoyamwaga yalikuwa yameingia ndani ya meno ya gurudumu la nyuma, na pale darajani yakaganda.

Na nani alikuja nyuma yangu? Mkuu wangu wa kazi, Bi. Ervasti, na mkoba wake kwenye kikapu cha baiskeli.

"Mbona umesimama katikati ya daraja kama sanamu?"

"Imekufa, bosi. Inakanyagika lakini haiendi."

"Usiku ililala wapi?"

"Ndani. Niliiosha."

"Uliiosha?"

"Kwa maji ya moto."

Alicheka mpaka miwani yake yote ikafunga ukungu. Akamwita Osmo aliyekuwa anatokea upande wa pili: "Osmo! Njoo usikie, ameiogesha!" Kisha akajifuta machozi upesi yasigande, akaniambia, "Mwanangu, huku baiskeli hailali ndani. Ikishaonja joto, inakuwa kama wewe, haitaki tena kutoka."

Nilikuwa nimeanza kumwomba radhi kwa kuchelewa. Akashuka kwenye baiskeli yake, akatembea nami mpaka ofisini, anaisukuma yake na mimi naisukuma yangu, na mlangoni akasema, "Tumechelewa wote wawili, kwa hiyo hakuna aliyechelewa."

Sasa inalala uani, chini ya kibanda, pamoja na nyingine. Zamu yako.

Mwanao,
Tuure

*

Hanko, 8 Februari

Tuure mwanangu, muosha baiskeli,

Marahaba, marahaba. Ni mzima, mbavu tu zinauma kwa kucheka. Sirkka alinisomea barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa juu ya baiskeli.

Nikwambie ilivyokuwa. Nilimwambia, "Ondoa hiyo saa, soma." Akaanza kusoma, nami nikaanza kukanyaga. Ulipovaa nguo nyingi mno, na mimi nikaona joto. Ulipofika darajani nikakaza. Maua ya kahawia sikuyaona hata kidogo. Sirkka alipofika kwenye maji ya moto akashindwa kuendelea kusoma, nami nikaendelea kukanyaga hivyo hivyo.

Kwa hiyo agizo ni hili: andika barua ndefu. Hii yako ilikwisha mguu ukiwa ndiyo kwanza umepata moto. Usiniandikie habari za afya yako, najua ni mzima. Niandikie mwinuko uko wapi, upepo unatoka wapi, nani amekupita. Na unapokuja mteremko uniambie mapema, nipumzike.

Mkate wa iliki nimekuwekea kwenye kifurushi. Sirkka ndiye aliyeuoka, usinilaumu.

Shangazi yako,
aliyeko njiani

*

Oulu, 21 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mkate ulifika mgumu, tukautia kwenye kahawa ofisini na haukubaki. Bi. Ervasti amesema uendelee kukanyaga.

Umepata barua zangu mbili, ya njia ya kisiwani na ya msituni, na Dada Sirkka anasema ya msituni mmeisoma mpaka karatasi imelegea. Ninazo nyingine kichwani. Lakini wiki hii sina barabara ya kukupa. Baridi imevunjika. Mvua ilinyesha juu ya theluji, usiku ikaganda, sasa njia yote ni kioo chenye maji juu yake. Hata Osmo alianguka, na Osmo amezaliwa hapa. Nimepanda basi, na jioni nimerudi kwenye stendi na Uhispania yangu. Ningeweza kutunga safari na usingejua. Nimeshindwa. Ukisikia nimepita mahali, nataka nawe uwe umepita kweli.

Usitundike nguo, nakuomba.

Mwanao,
Tuure

*

Hanko, 27 Februari

Tuure mwanangu,

Marahaba. Nani amekwambia uvunje shingo? Siku ya kioo kaa ndani ukanyage, na mimi niko ndani nakanyaga. Nimekwambia utoke kwa sababu ulikuwa umejifungia, sikukwambia ujitupe. Mimi wiki hii nimerudia msitu. Nimeshaijua kila kona, nampita yule mwanamke wa barua yako mwenye kigari cha mtoto kabla Sirkka hajamtaja.

Jumapili nitazijaribu ngazi. Sirkka hajui. Usimwandikie.

Shangazi yako

*

Oulu, 10 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Sijapata neno tangu barua yako ya Februari. Baridi imerudi, njia nzuri. Nimekuwekea humu barabara ndefu ya kandokando ya bahari iliyoganda, yenye upepo wa mbele mwendo wote wa kwenda na wa nyuma mwendo wa kurudi. Kwenye mnara wa taa kuna mteremko; pumzika hapo.

Zilikuwaje ngazi?

Mwanao,
Tuure

*

Oulu, 20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilimpigia Dada Sirkka. Alisema, "Mama amesema nisiseme," akakata simu. Yeye ambaye hajawahi kunyamaza! Sasa sijui niwaze nini. Kazini nimegonga muhuri juu chini kwenye karatasi tatu, na Bi. Ervasti ameniambia niende nikatembee.

Kama umeanguka, niambie. Kama umekubali makao, niambie pia, sitakulaumu, nitakuja kukusaidia kufunga vitu. Usininyamazie tu. Naendelea kuandika barabara kwa sababu sijui kitu kingine cha kufanya. Ya leo ni fupi: kutoka mlangoni kwangu mpaka sanduku la posta.

Mwanao,
Tuure

*

Hanko, chumba cha juu, 29 Machi

Tuure mwanangu,

Marahaba. Ni mzima. Soma tena hapo juu nilipoandikia, kisha uendelee.

Ile Jumapili nilifika kwenye kona ya ngazi, mguu ukagoma, nikakaa. Nilikaa mpaka Sirkka akarudi kutoka kanisani akanikuta naimba ili nisilie. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikamwapisha asikwambie. Nilijua ukisikia, utajiona wewe ndiye uliyeniua kwa kupanda basi wiki ile. Nakujua. Nikarudi kwenye baiskeli. Barua zako za Machi zote mbili tumezisoma. Ya sanduku la posta tuliisoma mara nyingi kuliko zote, maana ndiyo iliyolingana na ngazi.

Leo wamekuja wawili, muuguzi na kijana mmoja wa manispaa, mwoga kama wewe, ana kalamu tatu mfukoni. Muuguzi akasema, "Bibi, polepole, nitakushika kiwiko."

Nikamwambia, "Mimi si bibi yako. Shika mkoba wangu."

Nikaenda. Kwenye kona nilisimama. Chini nikamsikia kijana ameacha kupumua. Nikasema kwa sauti, "Pumua, wewe, napumzika tu." Nikaendelea. Nikaingia chumbani, nikakaa kwenye kitanda changu mwenyewe, ambacho sijakikalia tangu Septemba. Shuka lina vumbi. Nimelala kidogo.

Kijana aliniita kutoka chini, "Mama, tunaomba sasa ushuke, ili tuone."

Nikamjibu kwamba aliniomba nipande, hakuniomba nishuke. Nikasikia muuguzi anacheka, halafu nikasikia Sirkka anawapa kahawa. Kwa hiyo wanasubiri, nami nimepata karatasi dirishani nakuandikia. Barafu ya bahari imeachana na ufuko. Maji meusi yanaonekana.

Sikufichi, kushuka kunaniogopesha kuliko kupanda. Kupanda mtu anatazama mbele, kushuka anaona alipo. Lakini kahawa ikiisha watakuja kunichukua kwa mikono yao, na wakinishika mikono nitakuwa nimeshindwa.

Sirkka ananiita tena. Naiweka kalamu. Nashuka mwenyewe.

Shangazi yako