Chumvi ya Unga wa Kuchezea

Likoni, Ijumaa asubuhi

Mjukuu wangu Zuhura,

Sote hatujambo, babu yako anakusalimu. Umeniuliza kwa nini unga wa watoto wa kuchezea huwa nautia chumvi tele. Leo nitakwambia yote.

Mwaka wa njaa, wakati wa vita, nilikuwa bado nasoma. Unga wetu ulimwagikiwa na mafuta ya taa. Bibi yangu akaukanda, akatugawia wajukuu tufinyange, tusahau njaa. Kwa harufu ile, aliamini hatutaula. Mdogo wangu Salimu akafinyanga mkate.

"Mkate wako u wapi, baba?" Bibi akamuuliza.

"Nimeula, Bibi. Nimeshiba."

Tulimzika kesho yake. Tangu hapo Bibi aliuonja kwanza kila unga wa kuchezea, na ukimezeka, alizidisha chumvi.

Nijibu upesi, mwanangu: wanao huwa wameshakula kabla hujawapa unga wa kuchezea?

Bibi yako